Pikipiki Kuukuu ni Ipi? Sharti la Nne na Vijana wa Migori na Homa Bay

Majuma machache yaliyopita vijana watatu kutoka Migori walinijia ofisini wakiwa na karatasi mbili zilizopigwa chapa kwa Kiingereza. Walikuwa wametumwa na kamati ndogo ya wapenzi wa mbio za pikipiki, kamati isiyo na ofisi wala mhuri, ambayo inakusudia kuandaa mashindano ya ridhaa baina ya waendeshaji wa Migori na wenzao wa Homa Bay. Mashindano yenyewe yafanyike mchana, katika kipande cha lami kitakachofungwa kwa idhini ya wenye mamlaka. Waliniomba niitafsiri kanuni yao kwa Kiswahili na Kidholuo kwa kuwa, walivyosema, waendeshaji wengi hutia sahihi mambo ambayo hawajayasoma. Nilidhani ni kazi ya alasiri moja. Sharti la nne lilinishika siku tatu.

Sharti hilo lasema kwamba pikipiki yoyote iliyosajiliwa kabla ya mwaka wa 2010 ni ya zamani, na hairuhusiwi kushindana na nyingine. Kisha laongeza kwamba kutakuwa na kundi maalumu la pikipiki za zamani, na kila atakayeingia humo athibitishe umri wa chombo chake kwa kitabu cha usajili, kile tunachokiita logibuku. Katika Kiingereza chao neno lilikuwa moja mahali pote pawili. Mara ya kwanza neno hilo lilikuwa la kufukuza, na mara ya pili la kukaribisha. Mtafsiri hawezi kulipita jambo kama hilo akiwa amefumba macho.

Kiswahili hakituruhusu uzembe huo. Nguo iliyochakaa ni kuukuu. Mji uliodumu karne nyingi ni mkongwe. Gari linalosukumwa kila asubuhi na watoto wa jirani ni mkweche, na mwenye nalo akilisikia neno hilo hununa. Kitu cha enzi zilizopita, chenye heshima yake, ni cha kale. Kidholuo nacho kina njia yake: *moti* ni kilichozeeka, na *machon* ni cha tangu hapo, cha siku za mababu. Apiko, yaani pikipiki, yaweza kuwa *moti* bila ya kuwa *machon*. Na yaweza pia kuwa *machon* huku ikinguruma kama iliyotoka dukani jana. Niliwauliza wale vijana: mnakusudia ipi? Wakatazamana. Mmoja akanijibu kwamba kamati haikulifikiria hilo, kwani ilinakili sharti kutoka mahali pengine ikabadilisha tu mwaka.

Basi nikaona ni heri niandike hapa ninayoyafikiri badala ya kuwarudishia karatasi zao kimyakimya, kwa sababu jambo hili si la Migori na Homa Bay peke yake, na kwa sababu wasomaji wengi wa ukurasa huu ni walimu ambao wanafunzi wao wa jana ndio waendeshaji wa leo.

Kwanza tutazame wenzetu wanafanyaje. Uingereza, ambako mbio za pikipiki za kale zina mizizi mirefu, klabu kadhaa zimeweka mpaka wa kundi la kwanza mwishoni mwa mwaka wa 1972. Kwa mtu asiyejua, tarehe hiyo ni ya kubahatisha tu. Kumbe ina maana. Mwaka wa 1973 Yamaha ilianza kuuza TZ, pikipiki ya mbio yenye injini ya mipigo miwili iliyopozwa kwa maji, na yeyote mwenye fedha aliweza kuinunua ikiwa tayari kwa mashindano. Mbele ya chombo hicho Norton na Matchless za silinda moja hazikuwa na lao. Kwa hiyo mstari unaochorwa mwishoni mwa 1972 unatenga ufundi na ufundi, wala hautengi miaka kwa ajili ya miaka. Unamwambia mshindani: utakimbizana na watu wenye vyombo vinavyofanana na chako kwa nguvu na kwa breki.

Matokeo yake yana kichekesho ndani yake. Norton Manx, ambayo kiwanda kiliacha kuiunda mwanzoni mwa miaka ya 1960, bado inaundwa leo na mafundi wa Uingereza, upya kabisa, kuanzia injini hadi fremu. Nayo huingia katika mbio za pikipiki za kale kwa kuwa muundo wake ni ule ule. Marekani nako chama kinachosimamia mbio za pikipiki za kihistoria hukubali chombo kilichotoka kiwandani baada ya tarehe ya mpaka, maadamu muundo wake haukubadilika. Kwa wenzetu hao, chuma cha juzi chaweza kuwa cha kale kisheria. Shirikisho la kimataifa la magari ya kihistoria, FIVA, lina kipimo kingine: chombo kiwe kimetimiza angalau miaka 30 na kiwe kimehifadhiwa katika hali iliyo sahihi kihistoria. Lakini hicho ni kipimo cha kuhifadhi. Cha kushindana ni kingine, na kuvichanganya viwili hivi ni kosa lile lile la sharti la nne.

Sasa turudi nyumbani, maana hapa ndipo jambo linapopata utamu.

Mwaka wa 1976 Honda ilitoa pikipiki iliyoitwa CG125. Iliundwa makusudi kwa nchi kama yetu. Wahandisi walikuwa wamegundua kwamba katika nchi hizi watu huzibebesha pikipiki mizigo mizito, hawabadilishi oili kwa wakati, na cheni ya ndani ya injini haiangaliwi na mtu mpaka ikatike. Wakaiondoa cheni hiyo, wakarudia ufundi wa zamani zaidi wa kuinua vali kwa vijiti vya kusukuma. Injini ikawa ngumu kama jiwe la kusagia. Baadaye viwanda vingi vya China viliiga muundo huo, vikaongeza ukubwa wa silinda, vikabandika majina ya kila namna juu ya tangi. Hizo ndizo zilizomiminika Nyanza baada ya serikali kupunguza kodi ya pikipiki ndogo mwishoni mwa muongo wa 2000. Simama kwenye stegi yoyote ya bodaboda, iwe Awendo, Rongo, Rodi Kopany au Mbita, na katikati ya Boxer na TVS za India utaziona, nyingine zikiwa bado na karatasi za nailoni kwenye kiti.

Je, pikipiki ya namna hiyo iliyonunuliwa mjini Migori mwaka wa 2023 ina umri gani? Kwa mujibu wa kamati, ni changa. Kwa mujibu wa kanuni ya muundo inayotumika Marekani, imezaliwa mwaka wa 1976, nami ningeiweka pamoja na Suzuki na Yamaha ambazo maafisa wa kilimo walikuwa wakizitumia nilipokuwa mtoto wa shule ya msingi. Na kwa kweli ukiziweka pamoja hutaona tofauti kubwa: silinda moja, injini ya kupozwa kwa hewa, breki za ngoma mbele na nyuma, taa inayofifia injini ikipunguza mwendo. Lakini ukiiweka dhidi ya pikipiki ya mwaka huo huo wa 2023 yenye injini ya sentimita za ujazo 200, breki za diski na gia sita, hapo hakuna mashindano. Hapo pana mmoja anayekimbia na mwingine anayesindikiza. Kamati imewaweka hawa wawili kundi moja kwa kuwa vitabu vyao vya usajili vinakaribiana miaka.

Mmoja wa wale vijana watatu ni fundi wa jua kali pale Rongo. Pikipiki yake nimeiona, kwani ndiyo iliyowaleta, watatu kwa mmoja, jambo ambalo nililikemea. Fremu yake ni ya Suzuki iliyouzwa katika mnada wa mali za serikali. Namba yake ni ya mfululizo wa KA, wa siku zile ambapo pikipiki zilipewa namba kama za magari. Injini aliitoa katika pikipiki ya Kichina iliyogongwa. Gurudumu la mbele ni la tatu, la chombo ambacho hata yeye hakumbuki. Logibuku iko kwa jina la mtu aliyefariki, na mwaka ulioandikwa humo ni wa fremu peke yake. Kwa sharti la nne kijana huyu hana pa kwenda. Katika kundi la jumla anakataliwa kwa sababu ya mwaka. Katika kundi la zamani anakataliwa kwa sababu ya karatasi. Naye, kwa ushahidi wa wenzake wawili, ndiye mwendeshaji hodari kuliko wote watatu.

Watu watasema kwamba sisi hatuna historia ya kujitungia kanuni za michezo ya magari, kwa hiyo lazima tunakili. La hasha. Yaliyo bora katika michezo hiyo hapa kwetu yalitokana na kanuni zilizotungwa hapa hapa. Mwaka wa 1953, mbio zile zilizokuja kuitwa Safari Rally zilipoanza kwa jina la East African Coronation Safari, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, waandalizi hawakuyagawa magari kwa ukubwa wa injini kama ilivyokuwa desturi ya Ulaya. Waliyagawa kwa bei ya dukani. Gari liwe kama lilivyouzwa, na mwenye gari la bei rahisi ashindane na wa bei rahisi. Hata mshindi wa jumla mwaka huo hakuwapo, walikuwapo washindi wa makundi tu. Waliotunga kanuni hiyo walikuwa walowezi, na haki waliyoiwazia haikumhusu Mwafrika, hilo sitalificha. Lakini walijiuliza swali sahihi: hapa, kwa barabara hizi na kwa watu hawa, ni nini kinachowatofautisha washindani kwa kweli? Wakaona ni mfuko.

Tena kuna mwaka wa 1965. Joginder Singh na nduguye Jaswant walishinda Safari wakiendesha Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, gari lililoachwa na mbio za mwaka uliotangulia. Muundo wake ulitokana na PV444, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1944. Kama sharti la nne lingekuwapo siku hizo, huenda mtu angelitazama gari lile la mkononi akasema ni kuukuu, na Kenya ingekosa moja ya hadithi zake tamu za michezo.

Na tangu mwaka wa 2003, walipoadhimisha miaka 50 ya Safari, tumekuwa na mbio za magari ya kale, zile za Safari Classic, ambamo uzee ndio tiketi ya kuingilia. Waandalizi wake wameisogeza mbele tarehe ya mpaka zaidi ya mara moja, kadiri magari ya muongo mmoja yanavyokuwa adimu na ya muongo unaofuata yanavyopata heshima. Wageni hutoka Ulaya na Porsche zao za miaka ya 1970, tukazipigia makofi kando ya barabara. Nchi hiyo hiyo, kwa kiwango cha KS 1515 cha mwaka wa 2000, hairuhusu mwananchi wa kawaida kuagiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane. Silaumu kiwango hicho, kwani kina sababu zake za hewa na usalama. Nataka tu msomaji aone kwamba umri wa chombo si kitu kimoja. Unategemea nani anauliza, na anauliza kwa nini.

Mgala muue na haki yake mpe: kamati ilikuwa na sababu. Niliwapigia simu wakanieleza kwamba wanaogopa vyombo vibovu. Breki ya ngoma iliyojaa vumbi haishiki. Fremu iliyochomelewa vibaya hukatika. Mtu akifa siku ya kwanza ya mashindano, hakutakuwa na siku ya pili. Maneno hayo nayaheshimu. Lakini mwaka wa usajili hauchomelei fremu wala hauoni ufa. Nimeona pikipiki za miaka miwili zilizokwisha kuuawa na mizigo ya samaki na saruji, na nimeona Honda ya padri mmoja aliyestaafu, ya zaidi ya miaka 35, ambayo ungeweza kulia chakula juu ya injini yake. Dawa ya chombo kibovu ni ukaguzi: mafundi wawili wasio na mshindani wao katika mbio, wainue kila pikipiki asubuhi ya siku ile, wajaribu breki, wakague fremu, tairi, cheni na waya za mafuta, na wawe na mamlaka ya kumrudisha mtu nyumbani hata akiwa mtoto wa mwenyekiti. Hiyo ni kazi ya saa tatu. Kuandika mwaka wa 2010 kwenye karatasi ni kazi ya dakika moja, na labda ndiyo sababu ilipendwa.

Woga wa pili walioutaja ni kwamba wakiondoa mpaka wa mwaka, wenye fedha watanunua fremu za zamani na kutia ndani injini kali, kisha waje kuwanyang'anya maskini vikombe. Huu ni woga wa haki, na haukuanza kwetu. Jibu lake ni kuhesabu umri wa pikipiki kwa kiungo chake kikuu kilicho kichanga zaidi kimuundo, kati ya injini, fremu na breki. Ukitia injini ya kisasa katika fremu ya mwaka wa 1980, umeingia kundi la kisasa. Ukitia breki ya diski, vivyo hivyo. Hakuna haja ya logibuku kulithibitisha hilo. Fundi yeyote wa Rongo atakuambia muundo wa injini kwa kuisikiliza tu.

Hapa nataka kueleza kwa nini jambo hili linaniuma kuliko inavyompasa mtafsiri. Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, ambaye sasa ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari ya kutwa, hutembea kwa mkongojo. Usiku mmoja alikuwa akirudi nyumbani kutoka dukani, kandokando ya lami, vijana wawili wakaja wakishindana bila taa. Mmoja wao alimkosa. Wa pili hakumkosa. Vijana hao hawakuwa wezi wala walevi. Walikuwa wakibishania pikipiki ya nani ina mbio zaidi, ubishi ambao uliwaanza stegini mchana. Mwaka wa 2023 watu 4,324 waliuawa katika barabara za Kenya kwa hesabu ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, na mtu yeyote anayeishi kusini mwa Nyanza anajua kwamba pikipiki zimo sana katika hesabu hiyo. Ubishi wa vijana hautakoma kwa kukatazwa. Sheria ya Trafiki imekuwapo tangu enzi za ukoloni na bado wanashindana. Kamati hii isiyo na mhuri imeleta wazo ambalo halijaletwa na wakubwa: wapewe mahali, mchana, wakiwa na helmeti, na gari la wagonjwa likiwa karibu. Halafu sharti la nne linakuja kuwafungia mlango wale wale wenye pikipiki za kuungaungwa, ambao ndio wengi, na ambao watarudi kuumaliza ubishi wao usiku pale alipogongwa mwalimu wangu.

Nimewapendekezea kamati maneno haya, kwa Kiswahili, na ya Kidholuo yanafuata: "Kundi la kwanza ni la pikipiki za muundo wa kale. Pikipiki ya muundo wa kale ni ile yenye silinda moja isiyozidi sentimita za ujazo 150, inayopozwa kwa hewa, ambayo vali zake huinuliwa kwa vijiti au ambayo injini yake ni ya mipigo miwili, na yenye breki za ngoma mbele na nyuma, hata kama iliundwa mwaka huu. Isiyotimiza hayo itaingia kundi la pili. Mwaka wa kusajiliwa hautazingatiwa. Kila pikipiki itakaguliwa asubuhi ya mashindano, na uamuzi wa wakaguzi ni wa mwisho." Wataalamu wa injini wanisahihishe, mimi ni mtu wa sarufi, na najua kwamba Boxer na TVS, ambazo cheni ya vali zake iko ndani ya injini, zitauliza kwa nini zimetengwa. Huenda kundi la tatu likahitajika kwa ajili yao, na wala si dhambi. Pikipiki za umeme nazo zinakuja, na siku moja zitataka kundi lao.

Kwa Kidholuo nimelitumia neno *machon* kwa muundo, na *moti* nimeliacha nje ya kanuni yote. Mjumbe mmoja wa kamati amelipinga, anasema *machon* litawafanya watu wafikirie mambo ya Luanda Magere. Tutabishana.

Kamati inakutana Jumamosi mjini Migori. Jana jioni yule fundi wa Rongo alinipigia simu kuuliza kama maneno yangu yatapita, kwa sababu ameweka arubuni ya shilingi mia tano kwenye duka moja la spea ili anunue breki ya diski ya gurudumu la mbele. Akiifunga na maneno yangu yakapita, atakuwa amejitoa mwenyewe katika kundi la kwanza. Asipoifunga na sharti la zamani likabaki, hatakuwa na diski wala kundi. Mwenye duka amempa hadi Jumamosi saa sita.